Uzoefu wangu: tableti ya kuchorea kwenye Linux, miezi minne baadaye

Nafundisha fizikia, na jioni nina wanafunzi wa twisheni mtandaoni. Kwa miaka miwili nilichora lenzi na saketi kwa kipanya. Aliyewahi kuchora lenzi mbinuko kwa kipanya huku watoto wanamtazama anaijua aibu yake: inatoka kama kiazi. Nikajikaza, nikaenda Kariakoo, nikatoa 140,000 kwa tableti ya kuchorea, ile isiyo na kioo cha picha. Unachora juu yake, mstari unatokea kwenye kompyuta. Kampuni siitaji, maana nina ya kulalamika. Sanduku linajigamba viwango 8192 vya mgandamizo wa kalamu na vitufe vinane pembeni. Mwenye duka aliichomeka kwenye kompyuta yake ya Windows, mstari ukanenepa na kukonda vizuri kabisa. Nikalipa.

Mimi natumia Ubuntu, aina mojawapo ya Linux. Nilipofika nyumbani nikachomeka, mshale ukasogea, nikafurahi kwa dakika tano hivi. Mstari ulikuwa wa unene mmoja tu, ukandamize usikandamize. Vitufe navyo vilikuwa vinachapa herufi. Siku ya kwanza darasani, katikati ya sheria ya Ohm, nilibonyeza kitufe cha juu nikidhani kitanipa kifutio, kikaandika "e" kwenye sehemu ya ujumbe. Nikabonyeza tena, ikawa "ee", nikajikuta nimeituma. Binti mmoja akajibu, "Abee mwalimu?"

Kwa nini kibodi na kipanya vinafanya kazi popote, tableti inagoma? Kifaa cha kuingizia cha USB kikichomekwa hujitambulisha kwa namba mbili, ya kampuni na ya bidhaa, kisha hukabidhi maelezo ya data yake: biti hii ni kitufe cha kushoto, hizi kumi na sita ni mahali pa mlalo, na kadhalika. Huo ndio utaratibu wa HID, na mfumo endeshi ukiusoma hauhitaji draiva ya pekee, yaani programu ya kukiendesha kifaa hicho. Skana ya msimbopau dukani kwa mke wangu haikudai kitu. Inajitambulisha kuwa ni kibodi, inachapa namba, basi. Tableti yangu ilifanya ujanja huohuo, ikajiita kipanya na kibodi. Ukiendesha evtest, programu inayoonyesha kifaa kinatuma nini, unaona mlalo na wima, lakini mstari wa ABS_PRESSURE, yaani wa mgandamizo, haupo kabisa. Linux haikuwa na kosa. Ilikuwa inasadiki ilichoambiwa.

Nilijaribu kwanza programu ya kampuni yenyewe, maana wana toleo la Linux. Lazima iwe wazi muda wote, ukiifunga tu mgandamizo unapotea, na kompyuta ikilala na kuamka inabidi uchomoe waya na kuchomeka upya. Niliitoa baada ya siku tatu.

Hapo ndipo nilipokutana na DIGImend, mradi ulioanzishwa na Nikolai Kondrashov kwa ajili ya tableti hizihizi za bei ya chini. Sehemu kubwa ya kazi yao imo ndani ya kerneli, kiini cha mfumo wa Linux, kwenye draiva iitwayo hid-uclogic. Walichogundua kinachekesha kidogo: nyingi ya tableti hizi zina mlango wa siri, na lazima ubishe hodi. Kifaa cha USB huweza kuhifadhi maandishi yenye namba, kama jina la bidhaa au la mtengenezaji. Ukiiomba tableti andishi namba 200, ambalo hakuna mtu wa kawaida angeliomba, inakujibu, na papo hapo inaacha kujifanya kipanya, inaanza kutuma data kamili. Programu ya Windows hufanya hivyo kimyakimya. Kwenye zile za zamani zaidi hodi yenyewe ni andishi namba 100.

Nikabisha. Waliandika kijiprogramu, uclogic-probe, cha kusoma maandishi hayo. Jibu lilikuwa mlolongo wa baiti, ndani yake 70 C6 00, kisha 06 7C 00, kisha FF 1F, kisha D8 13. Ni namba za msingi wa 16, na baiti zake zinasomwa kinyumenyume. FF 1F ni 8191, yaani viwango 8192 ukihesabu na sifuri. D8 13 ni 5080, idadi ya mistari kwa inchi. 70 C6, ya mlalo, ni 50800. Gawa kwa 5080 unapata inchi 10, na ile ya wima, 31750, inatoa inchi 6.25. Nikachukua rula, nikapima eneo la kuchorea. Kumi kwa sita na robo kamili! Nakiri nilimwita mke wangu aje aone, akatazama rula, akatazama mimi, akarudi jikoni.

Basi kifaa kilikuwa kizima, ila namba yake ya bidhaa haikuwamo kwenye orodha ya draiva. Kuna njia ya mkato ya kuandika namba kwenye faili ya new_id ili draiva ikipokee kifaa bila kukompaili chochote, yaani bila kugeuza msimbo kuwa programu upya. Nilijaribu. Draiva ilikipokea kweli, lakini haikujua ikianzishe vipi, kwa sababu ndani yake kuna sehemu nyingine inayochagua aina ya hodi kulingana na namba hiyohiyo. Ikabidi niguse msimbo. Ni mistari michache sana: jina la kifaa kwenye hid-ids.h, mstari mmoja kwenye orodha ya hid-uclogic-core.c, mwingine kwenye hid-uclogic-params.c chini ya kundi la tableti za namna moja. Mimi si mwandishi wa programu, nilinakili mstari wa jirani nikabadilisha namba.

Kukompaili kulichukua dakika mbili. Kuipakia moduli, yaani draiva hiyo niliyoijenga, kwenye kerneli kulinichukua jioni nzima. Terminali ilikuwa inanijibu "Key was rejected by service" na mimi nadhani nimekosea msimbo. Kumbe ni Secure Boot, kinga ya kompyuta inayokataa msimbo usio na sahihi. Moduli uliyojitengenezea haina sahihi inayotambulika. Unatengeneza ufunguo wako, unausajili, unaweka nywila, unawasha upya kompyuta, na inatokea skrini ya buluu ikikupa sekunde 10 za kubonyeza kitufe chochote. Mara ya kwanza nilikuwa nimeinuka kumimina chai.

Mara ya pili nilikaa. ABS_PRESSURE ikatokea, nikigusa kidogo 300, nikikandamiza 7000 na kitu. Hata hivyo mipangilio ya GNOME, mazingira ya skrini ya Ubuntu, iliendelea kuniambia hakuna tableti, mpaka nilipoandika faili fupi ya maelezo ndani ya /etc/libwacom, mahali pa maelezo ya tableti, yenye jina, upana, urefu na namba za kifaa, nikaendesha libwacom-update-db. Sasa vitufe navipangia ninachotaka. Cha juu ni kifutio, kama nilivyodhani siku ile.

Kwa wanaoanza leo, kuanzia kerneli 6.3 kuna HID-BPF, inayokuwezesha kurekebisha maelezo ya kifaa bila kukompaili moduli. Ningeijua mapema ningeanzia huko. Njia yangu ina kero moja: kerneli ikisasishwa moduli lazima ijengwe upya. DKMS, chombo cha kujenga moduli upya, inafanya yenyewe, ila kuna Jumatatu ilishindwa kwa sababu faili za vichwa vya kerneli mpya hazikuwapo, nikarudi kwenye kipanya na viazi.

Tableti yenyewe naipa nne juu ya tano. Uso wake una mkwaruzo mzuri unaofanana na karatasi, kalamu haichajiwi, na ncha ya kwanza haijaisha. Kampuni naipa moja. Wangeweka maelezo ya kweli tangu mwanzo, yote haya yasingekuwepo. Draiva ya DIGImend haikuniomba hata senti, naipa tano. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji uichomeke kwenye kompyuta yako, uendeshe lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB na namba zake, na uitafute namba ya kifaa kwenye orodha ya draiva. Jina la sandukuni lisikutoshe.

Na namba nayo ina mipaka yake. Mwezi uliopita mwalimu mwenzangu wa kemia alinunua ya kampuni hiyohiyo, sanduku lilelile. Namba kwenye lsusb ni ileile ya kwangu. Andishi namba 201, linalotaja programu ya ndani ya kifaa, ni tofauti kabisa, na pembeni badala ya vitufe viwili vya chini kuna gurudumu. Kalamu ilifanya kazi hapohapo kwa draiva yangu. Gurudumu limenyamaza. Ameniachia nikae nayo wikiendi hii.