Zenodo kwa mtafiti wa Afrika Mashariki: hazina nzuri, mradi fomu yake ijazwe sawasawa

Makala ikishachapishwa, mara nyingi dodoso, data, bango la kongamano na muhtasari wa sera hubaki kwenye kompyuta ya mtu mmoja, na makala yenyewe haisomeki bila kulipia. Zenodo, hazina ya mtandaoni ya kuhifadhi kazi za utafiti, inaondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo bila malipo. Inaendeshwa na CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya iliyoko Geneva, ilianzishwa mwaka 2013 kwa ushirikiano na OpenAIRE, mtandao wa Ulaya wa sayansi huria, na hupokea kazi za mtafiti kutoka nchi yoyote na taaluma yoyote. Rekodi moja hubeba hadi gigabaiti 50 na faili 100.

Sababu kuu ya kuipendekeza ni DOI, namba ya kudumu ya kuitambulisha kazi, inayofunguka kama linki. Linki ya tovuti ya chuo hufa seva ikihamishwa, na anayeitafuta kazi miaka mitatu baadaye hukuta ukurasa mtupu. DOI haibadiliki. Tena Zenodo hutoa mbili: moja ya toleo husika na nyingine inayobeba matoleo yote. Ukisahihisha data mwakani, unafungua toleo jipya, na aliyenukuu la kwanza bado analikuta lilivyokuwa. Ndani ya makala andika DOI ya toleo ulilolichambua. Kwenye wasifu wako weka ile ya jumla. Kama makala bado iko kwa wahakiki, fomu inakuruhusu kujihifadhia DOI mapema na kuiandika kwenye rasimu. Haitafunguka mpaka uichapishe rekodi, kwa hiyo usisahau kurudi.

Fomu ndiyo inayoamua kama kazi yako itaonekana, na ndipo watu wanapoharakisha. Jina la mwandishi lina visanduku viwili, la ukoo na majina mengine. Mtu mwenye majina matatu akiandika mawili leo, matatu kesho na herufi za mwanzo keshokutwa, mitambo humhesabu kama watu watatu na manukuu yake hutawanyika. Chagua umbo moja, kisha weka namba ya ORCID, ile ya tarakimu 16 inayomtambulisha mtafiti mmoja mmoja, kwa kila mwandishi aliye nayo. Ukiwa umeiruhusu DataCite, shirika linalosajili DOI za Zenodo, kuandika kwenye ORCID yako, rekodi mpya itaingia huko bila wewe kuichapa tena.

Kichwa kina nafasi ya tafsiri, na wengi hawaigusi. Utafiti wa ufugaji wa kuku wa kienyeji ulioandikwa kwa Kiingereza uwekewe kichwa cha Kiswahili na ikisiri ya pili kwa Kiswahili. Afisa ugani anayetafuta kwa lugha yake hatafika kwako kwa njia nyingine. Kwenye maneno ya msingi taja wilaya, zao au ugonjwa kwa jina lake, pamoja na jina la kisayansi. "Maendeleo" pekee halimsaidii mtafutaji yeyote. Sehemu ya kazi zinazohusiana nayo ijazwe: DOI ya makala kwenye rekodi ya data, na ya data kwenye rekodi ya makala.

Kwa makala iliyokwisha kutoka, fungua kwanza Open Policy Finder ya Jisc (zamani Sherpa Romeo), tovuti inayoonyesha kila jarida linaruhusu nini, uandike jina la jarida. Majarida mengi ya kulipia hukataza PDF iliyopangwa na mchapishaji lakini huruhusu rasimu iliyokubaliwa baada ya uhakiki, mengine baada ya miezi 12 au zaidi. Zenodo ina mahali pa kuweka tarehe ya kufunguliwa, hivyo unaweza kupakia leo ikajifungua siku hiyo. Angalia na leseni: CC BY 4.0, inayomruhusu yeyote kuitumia kazi mradi amtaje mwandishi, huja yenyewe, ilhali mchapishaji Elsevier, kwa mfano, hutaka rasimu hiyo iwe chini ya CC BY-NC-ND, inayokataza biashara na kusambaza kazi iliyobadilishwa. Fomu ikiuliza kama kazi ina DOI tayari, andika ya jarida. Ukichukua nyingine kwa makala ileile, manukuu yatagawanyika.

PDF yenyewe iandaliwe kwa ajili ya Google Scholar, injini ya Google ya kutafuta kazi za kitaaluma: isizidi megabaiti 5, maandishi yaweze kutafutwa, kichwa kiwe kwa maandishi makubwa kuliko mengine juu ya ukurasa wa kwanza na majina ya waandishi chini yake. Ukurasa uliopigwa picha kwa skana bila kugeuzwa maandishi ni picha tu. Kwa makala za Kiswahili, kuiita orodha ya vyanzo "Marejeleo / References" ni salama zaidi, kwa sababu mwongozo wa Scholar wenyewe unatolea mfano wa Kiingereza. Hata hivyo Scholar haiahidi kusoma kila rekodi ya Zenodo, na huu ni udhaifu wa kweli kwa anayetegemea njia hiyo moja. Anayetaka kusomwa apeleke DOI mwenyewe kwa wizara, halmashauri na vyama vya wakulima vinavyoihitaji kazi hiyo.

Udhaifu wa pili: Zenodo haihakiki maudhui. Ripoti iliyowekwa humo inanukulika, lakini haijawa makala ya jarida, na kuiorodhesha hivyo kwenye maombi ya kupandishwa cheo ni kudanganya. Hesabu za waliotazama na waliopakua pia zisichukuliwe kuwa manukuu.

Kwa data, CSV (jedwali la maandishi matupu linalofunguka kwenye programu yoyote) ni bora kuliko Excel, na iambatane na faili la maelezo linaloeleza kila safu, kipimo chake na alama ya jibu lililokosekana. Bila hilo, safu yenye kichwa "q7b" haina faida kwa yeyote. Kabla ya kuchapisha, ondoa majina, namba za simu na vipimo vya GPS vya kaya. Kijiji chenye kaya chache humtambulisha mtu hata bila jina. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019 na Tanzania ya taarifa binafsi ya 2022, na masharti ya kibali cha maadili yanaweza kuwa makali kuliko sheria zenyewe. Data ya namna hiyo ifungiwe, maelezo yake pekee yabaki wazi, na anayeitaka aombe ruhusa kupitia rekodi hiyohiyo.