Kitambaa gani ununue kwa mfarishi wa kwanza wa viraka: nimevipanga kuanzia cha kuchukua mpaka cha kukimbia

Watu wengi wakitaka kushona mfarishi wa viraka kwa mara ya kwanza swali lao la mwanzo huwa ninunue charahani gani, na mie jibu langu ni lile lile, charahani iweke mwisho kabisa, anza na kitambaa. Charahani hata ile ya bibi ilojaa vumbi inashona mstari ulonyooka, na mfarishi wa mwanzo hautaki zaidi ya mstari ulonyooka, lakini kitambaa kikiwa kibovu kinavutika, kinafumuka, kinachuja rangi, halafu wewe unakaa unajiona hujui kushona kumbe tatizo ulilinunua dukani na pesa yako.

Mfarishi una tabaka tatu: uso wa viraka, kitu cha katikati, na mgongo, yaani kitambaa cha chini. Namba hizi ni za uso, mgongo na katikati nitakuja mwisho. Tukubaliane saizi kwanza ili tuzungumze kitu kimoja. Nachukulia kitanda cha futi 4 kwa 6. Unakata viraka vya mraba vya inchi 6 na nusu, unashona kwa mshono wa robo inchi kila upande kwa hiyo kila kiraka kinabaki inchi 6, unavipanga 9 kwa upana na 12 kwa urefu, jumla 108, na uso wa mfarishi unatoka inchi 54 kwa 72. Miraba tu basi. Mambo ya nyota na maua na pembetatu hayo yaache mpaka mkono uzoee.

Bei siandiki maana leo ni hii kesho ni ile, na ukienda kwenye maduka ya Mlandege au Mchangani, mjini Unguja, wiki ya mwisho ya Ramadhani ndio kabisa, hupati bei wala hupati mtu wa kukusikiliza. Nenda siku za kawaida, asubuhi, muuzaji ana nafasi ya kukufungulia majora na wewe una nafasi ya kugusa.

NAMBA 1: KITENGE CHA PAMBA TUPU

Hiki ndio changu cha kwanza na sibabaiki. Kitenge cha pamba kimeshiba, hakitelezi chini ya mguu wa charahani, kinashika mkunjo wa pasi, na ukikikata ukingo wake haufumuki ovyo, sasa kwa mtu ambae mkono wake bado unatetemeka kwenye robo inchi hayo ndio mambo yanayomuokoa. Upana wake huwa kama inchi 44 hivi, kwa hiyo yadi moja inakupa viraka 6 kwa upana na 5 kwa urefu, yaani 30. Chukua aina nne tofauti, yadi moja moja, unapata viraka 120, 108 vya kazi na 12 vya akiba, na ukiongeza nusu yadi ya aina moja unayo ya kukatia utepe wa kupitisha pembeni kumalizia.

Tatizo ni kwamba wengi wanauza vipande vya yadi 6 na hawataki kukata. Hapo dawa ni mashoga. Mkiwa wanne kila mmoja ananunua kipande chake, mnagawana yadi moja moja, kila mtu anatoka na rangi nne na yadi mbili zake zinambakia, anashonea foronya au sketi ya mtoto, shauri yake.

Tatizo jengine kubwa zaidi ni kwamba vitenge vingi vya siku hizi ni polista, na muuzaji atakwambia "pamba hiyo dada, pamba safi" bila hata kuangalia. Sasa fanya hivi. Kamata pembe ya kitambaa ikunje kwenye ngumi, bana mpaka uhesabu kumi, achia. Pamba inabaki imejikunja mikunjo mikali, polista inafunguka yenyewe inarudi laini. Ukiwa bado na wasiwasi omba uzi mmoja wa pembeni, toka nao nje ya duka (tafadhali nje, wenye maduka ya vitambaa hawapendi viberiti na wana haki), uchome. Uzi wa pamba unawaka na kunuka karatasi iloungua, unaacha jivu jepesi ukiligusa linapotea, wa polista unayeyuka unajikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi. Mchanganyiko wa pamba na polista unafanya yote mawili kidogo kidogo, na huo si mbaya sana kushona, ila pasi usiweke moto wa juu.

Ukifika nyumbani fua kabla ya kukata. Kitenge kipya kina wanga, na pamba inarudi kidogo, yaani inapungua, ikifuliwa mara ya mwanzo, sasa ukishona kabla ya kufua halafu kiraka kimoja kikarudi na jirani yake hakikurudi mfarishi wote unavutana. Habari ya kuroweka kwenye chumvi ili rangi isichuje mie siitegemei, chumvi haishikishi rangi ya kitambaa kilichokwisha kupigwa rangi kiwandani, dawa ni kufua na kusuuza mpaka maji yatoke meupe, na yakikataa kuwa meupe basi hicho kitambaa kitoe kwenye mfarishi, hasa chekundu na cheusi.

NAMBA 2: KANGA

Najua nitagombwa kwa kuiweka ya pili, hapa Unguja. Kanga nyingi ni pamba, bei yake rahisi kuliko kitenge kizuri, na doti iko kila duka. Lakini ni nyepesi, ukiipiga mkasi inacheza, na nyengine ukiinyanyua juu unaona mwanga na mkono wako upande wa pili, kwa hiyo mshono wa ndani unaonekana kwa nje. Inataka ipigwe wanga na pasi kabla ya kukata, ndio itulie.

Halafu kuna suala la mji (mchoro wa katikati), pindo na jina. Kanga imechorwa ili ionekane nzima, ukiikata miraba ya inchi 6 na nusu unapata kiraka kimoja kina nusu ya korosho, chengine kina mstari wa pindo ulokwenda upande, na kama jina lilikuwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE basi kiraka kimoja kitasoma NJOO MWE na chengine NYEJI AP, wengine wanapenda hivyo, wengine roho inawauma. Ukitaka kanga kwa uso chagua zile zenye mji wa vidoadoa au vimaua vidogo vidogo, hizo zinakatika vizuri popote.

Ila subiri, kanga ina pahala pake pa dhahabu kwenye mfarishi, nako ni mgongoni. Nitafika.

NAMBA 3: SHUKA ZA MTUMBA

Mashuka ya mtumba ya pamba ni mali, yamefuliwa mara nyingi, hayarudi tena, hayachuji tena, na moja pana linakupa viraka vya kumwaga. Soma kilebo cha pembeni kama bado kipo. Angalia katikati ya shuka, ndipo panapochakaa kwanza, shika mbele ya jua, pakiwa pepesi kuliko pembeni kata pembeni tu. Shuka zilizofumwa nyuzi nyingi zikabana sana ni ngumu kwa sindano ya mkono, kama unashona kwa mkono zipite. Kasoro yake ni rangi, nyingi ni nyeupe, krimu, buluu ya mpauko, zinapendeza zikichanganywa na kitenge kuliko peke yake.

NAMBA 4: MABAKI YA FUNDI

Hapa nina mapenzi lakini nasema kweli, kwa mtu wa mwanzo mabaki ni mtihani. Fundi atakupa mfuko mzima bure au kwa bei ya soda, ndani mna kitenge, satini, lesi, kitambaa cha suruali, kitambaa cha buibui, vyote vina uzito tofauti na vyote vinavutika tofauti. Ukivishona pamoja kimoja kinalegea kimoja kinabana.

Lakini wanaojua wamefanya maajabu kwa mabaki. Kule Gee's Bend, Alabama, Marekani, wanawake weusi wa kijiji walikuwa wanashona mifarishi kwa nguo kuukuu za kazi, jinzi zilokatika magoti, na mwaka 2002 mifarishi hiyo ikatundikwa kwenye makumbusho makubwa ya sanaa Houston na New York. Na karibu yetu zaidi kwa damu, Wasidi wa Karnataka huko India, ambao asili yao ni Afrika, wanashona mfarishi wao unaoitwa kawandi kwa nguo kuukuu, wanaanzia pembeni wanazunguka kuelekea katikati, kiraka juu ya kiraka, kwa bandi ya mkono tu (sindano inapita juu na chini), na pembe nne wanazimalizia na vitambaa vilokunjwa wanavyoviita phula, maana yake maua. Hawapimi inchi, hawahitaji charahani. Kwa hiyo kama huna charahani na una mfuko wa mabaki, njia ya kawandi itakufaa kuliko miraba yangu. Kama unataka miraba, chambua mfuko, bakisha pamba peke yake.

NAMBA 5: KIKOI

Kizuri begani. Kwenye viraka nyuzi zake zimefumwa kwa kuachana, ukikata kinafumuka mpaka robo inchi yako inaliwa. Basi.

NAMBA 6, YAANI USINUNUE: satini, shifoni, kitambaa cha buibui, na kitambaa cha fulana. Vya mwanzo vinateleza, cha fulana kinavutika. Mtu akikwambia yeye alishonea na kikatoka kizuri mwambie hongera.

Sasa mgongo. Hapa kanga ndio namba moja na hakuna wa kuifikia. Kanga moja ni kama sentimita 110 kwa 150, ukichukua doti ukaikata mbili kama kawaida, halafu ukaziunganisha upande mrefu kwa upande mrefu, unapata kama inchi 59 kwa 86, wakati uso wako ni 54 kwa 72, inazidi kila upande, tena hukukata jina wala pindo, mfarishi ukigeuzwa unasomeka. Baada ya kanga shuka pana la mtumba, halina hata mshono wa katikati. Bafta nyeupe ni rahisi na ni pamba, lakini wengi wanaijua kwa sanda, ukitandika mgongo wa bafta chumbani kwa mama mkubwa jiandae kwa maswali.

Katikati ndipo watu wanapopoteza pesa. Wanaona video za nchi za baridi wanataka kitu kinene, sasa wewe uko Zanzibar, baridi yetu ni kipupwe cha Juni mpaka Agosti hivi na hata hicho ni cha kujifunika shuka. Chaguo langu la kwanza ni shuka kuukuu la pamba, hununui kitu, mfarishi unatoka mwepesi, unafulika kwenye beseni na unakauka siku hiyo hiyo. La pili ni blanketi jembamba la polista, halikusanyiki, linakauka upesi, ila wakati wa kaskazi utalitupa chini usiku. La tatu ile polista ya kujazia inayouzwa kwa mafundi wa makochi, chukua nyembamba kabisa. Usufi hapana jamani, usufi ni wa mto na godoro, kwenye mfarishi unatoka kwenye matundu ya kitambaa, unajikusanya pembeni, na ukifua unakuwa mabonge. Sponji usiniulize. Na fikiria masika, kitu kinene kilorowa kinakaa kwenye kamba siku tatu hakijakauka, mwisho kinavunda na kuota madoa meusi, hapo uzuri wote umekwisha.

Vitu vidogo vidogo haraka haraka. Uzi nunua wa polista mzuri, ukiushika mikono miwili ukauvuta ghafla usikatike kirahisi, na uwe rangi ya kijivu au krimu, unapotea kwenye rangi zote. Sindano za charahani chukua namba 14, zaidi ya moja, kwani tabaka tatu zinavunja sindano. Kukatia huhitaji vifaa vya kuagiza, kata boksi gumu mraba wa inchi 6 na nusu liwe kipimo chako, chora kwa chaki ya fundi au kipande cha sabuni kilokauka, na mkasi uwe wa kitambaa peke yake, watoto wasiukatie karatasi. Za kushikizia tabaka tatu kabla ya kupiga mistari ya kuzishona pamoja ni zile pini za mtandio, unazo nyumbani.

Walioko Pemba, maduka ya vitambaa yapo Chake na Wete, kanga na uzi hamna haja ya kusubiri, ila kwa kitenge mkitaka rangi nyingi mtumeni mtu anaekuja Unguja na boti, mpeni na kipande cha mfano maana rangi kwenye simu inadanganya.

Haya, charahani. Ya mguu ilotumika, Singer ya zamani au Butterfly, inatosha na inabaki. Kabla ya kulipa chukua vipande viwili vya kitambaa na shuka katikati, vishone pale pale mbele ya muuzaji, angalia juu na chini, mshono ukiwa sawa pande zote mbili na mkanda haurukiruki ichukue. Ya umeme ni nzuri, ila alokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu kisiwa hakina umeme, anajua kwa nini mafundi wengi hawakuuza za mguu. Na kama hata ya mguu huna nafasi nayo sasa hivi, azima, au mlipe fundi akuunganishie miraba peke yake na mistari ya kupitisha tabaka tatu pamoja upige mwenyewe kwa mkono, bandi za kawaida, kila baada ya inchi 3 au 4, jioni baada ya isha na redio pembeni.