Seva ya sinema na muziki nyumbani: ipi itajiwasha yenyewe umeme ukirudi?

Malalamiko ya wasomaji kuhusu seva za nyumbani siku hizi yanafanana mno. Mtu kanunua mashine nzuri, kahamishia humo DVD za harusi, Bongo Movie zake za zamani na CD za taarab za mama. Kila kitu kinacheza kwenye televisheni ya sebuleni bila kugusa bando. Kisha umeme unakatika mchana, unarudi jioni, na hakuna kinachocheza tena. Msomaji mmoja anafanya kazi Mwanza, na seva ameiweka kwa wazazi wake Moshi. Kila umeme ukirudi anapigiwa simu: "Mwanangu, zile nyimbo zimepotea tena." Hazijapotea. Mashine imezima, iko chini ya meza ya televisheni inasubiri mtu aibonyeze, na wazee hawajui kitufe kiko wapi. Wala si kazi yao kujua.

Kwa hiyo nimezipanga mashine hizi kwa swali moja ambalo sijasikia mnunuzi akimuuliza muuzaji: umeme ukirudi, inajiwasha yenyewe? Habari za kasi na RAM utazikuta kila mahali. RAM ya GB 8 inatosha, SSD ya GB 256 kwa ajili ya mfumo inatosha, tuendelee.

Betri ya CR2032, ambayo hakuna anayeitazama

Kompyuta za mezani za ofisini zina BIOS, yaani programu ya msingi inayoanza kabla ya Windows, na ndani yake kuna mpangilio unaoamua mashine ifanye nini umeme ukirudi. Mara nyingi utakuta umewekwa ibaki imezimwa. Kwenye HP unaingia kwa F10 wakati inawaka, unatafuta mstari ulioandikwa After Power Loss, unachagua Power On. Lenovo unaingia kwa F1, na mstari una jina hilohilo. Dell ni F2, na mstari unaitwa AC Recovery.

Wengi wanaishia hapo, wanafurahi, na wiki inayofuata wanarudi kulalamika. Sababu ni betri ndogo ya duara iliyobanwa kwenye ubao wa ndani, ile mafundi wanayoiita betri ya CMOS. Ndiyo inayotunza saa ya kompyuta umeme usipokuwepo, na kwenye baadhi ya mashine hutunza hata mipangilio ya BIOS. Ikifa, umeme ukikatika saa inapotea. Umeme ukirudi mashine inaweza kuwaka kweli, lakini inasimama njiani na ujumbe kwamba tarehe haijawekwa, ubonyeze F1 ili iendelee. Seva haina kibodi wala skrini. Nani atabonyeza F1?

Mashine zinazouzwa madukani kwetu nyingi ni mtumba wa maofisi ya Ulaya na Dubai. Zimekaa miaka mezani, kisha zikakaa tena ghalani na kwenye kontena bila umeme, na muda wote huo betri ile ndiyo iliyobeba saa peke yake. Muuzaji anafuta vumbi, anaweka Windows mpya, anapiga picha, betri haigusi. Betri yenyewe ni ya bei ndogo kabisa, duka lolote la saa na vifaa vya umeme unaipata. Kwamba mtu anauza mashine ya laki kadhaa na kuiacha na betri iliyokufa ni jambo linaloniudhi kila ninapoliona.

Kipimo cha dukani ni hiki. Mwambie muuzaji aiwashe, weka tarehe sahihi, weka huo mpangilio wa kujiwasha, hifadhi. Chomoa waya kabisa ukutani, subiri dakika kumi ukiangalia vitu vingine, kisha chomeka bila kugusa kitufe. Inatakiwa iwake yenyewe na ifike hadi Windows bila kuuliza kitu. Ikiuliza tarehe, mwambie abadilishe betri mbele yako, kisha rudieni.

Namba moja: HP EliteDesk 800 G4 Mini

Nina upendeleo kwa HP na sioni haja ya kuuficha. Itafute yenye prosesa ya Core i5-8500T. Ina viini sita, na sehemu yake ya picha ina uwezo wa kubadilisha video za HEVC (aina ya video iliyobanwa sana), hata zile za biti 10 zenye rangi nyingi zaidi, papo hapo wakati televisheni ya zamani haiwezi kuzisoma. Kwa seva ya sinema hilo lina uzito kuliko kasi yote iliyobaki. Ndani kuna nafasi mbili za SSD za M.2, zile nyembamba zinazochomekwa moja kwa moja kwenye ubao, na nafasi moja ya diski ya inchi 2.5. Zingatia kwamba nafasi hiyo ya diski ni nyembamba. Diski za inchi 2.5 za TB 4 na 5 ni nene, hazitaingia, hizo utazitumia kwa nje.

Ninachoipendea zaidi ni kwamba skrubu moja ya nyuma unaifungua kwa vidole, kava linateleza, umeshaingia ndani. Kubadilisha betri hakuhitaji fundi. Tena mpangilio wake wa umeme ukiuweka, unakaa.

Kuhusu LUKU: mashine ndogo za aina hii zikitulia hula karibu wati 10. Ikiwaka saa 24 kwa siku 30, hizo ni unit 7.2 kwa mwezi. Kompyuta kubwa ya zamani yenye kava refu ikila wati 60, mwezi unaisha na unit 43. Ukiwa kwenye daraja la matumizi madogo la TANESCO, lenye kikomo cha unit 75 kwa mwezi, kompyuta hiyo peke yake imekula zaidi ya nusu kabla hujawasha friji. Ndiyo maana ushauri wa "chukua kompyuta yoyote ya zamani uliyonayo" siukubali.

Bajeti ikibana, shuka hadi G3, lakini kwa tahadhari. EliteDesk 800 G3 Mini ilitoka na prosesa za kizazi cha sita na cha saba, na kwa nje hazitofautiani. Unataka i5-7500T. Ile i5-6500T inaziweza HEVC za kawaida, ila za biti 10 zinamshinda, na sinema nyingi za 4K ni za biti 10. Muuzaji akikwambia "ni i5 mzee, mashine kali" hajakwambia kitu. Namba inayofuata baada ya i5 ndiyo habari yenyewe.

Namba mbili: Lenovo ThinkCentre M720q na Dell OptiPlex 7060 Micro

Kwa kazi hii uwezo ni uleule, kizazi ni kilekile cha nane. Lenovo imejengwa imara ila ina nafasi moja tu ya M.2. Dell ina jambo lake linaloturudisha palepale kwenye F1: ukiiwasha kwa chaja ambayo haiitambui, inatoa onyo kwamba aina ya chaja haijulikani na inaweza kusimama ikisubiri ubonyeze. Na chaja za mtaani ndizo zilizojaa. Ukinunua Dell, chaja iwe yake, yenye wati zinazotakiwa, na ile ya kuazima kutoka kwenye mashine ya jirani wakati wa kujaribu uikatae.

Kwa zote tatu, angalia nywila ya BIOS. Maofisi hufunga BIOS za kompyuta zao, na mashine nyingine zinafika sokoni zikiwa bado zimefungwa. Windows inafunguka vizuri, mnunuzi hajui lolote, mpaka siku anapotaka kuweka mpangilio wa umeme na kukutana na mlango uliofungwa. Kama muuzaji hawezi kuingia BIOS mbele yako, acha hiyo mashine pale.

Laptop ya zamani, na Synology

Laptop yenye betri nzima ni namba tatu yangu, kwa sababu umeme ukikatika kwa saa moja yenyewe haina habari. Baadhi ya Dell Latitude zina mpangilio wa Wake on AC, zikizima kabisa zinawaka chaja ikipata umeme. Lakini betri ikikaa kwenye chaji asilimia 100 mwaka mzima kwenye joto la Dar inaweza kuvimba. Weka kikomo cha chaji cha asilimia 80 kama mashine inaruhusu, na usiifungie kabatini.

Synology wengi wananiuliza. Ni kifaa kilichotengenezwa kwa kazi ya kutunza faili, kinakaa kimya, na kujiwasha umeme ukirudi ni alama unayoweka kwenye mipangilio yake, basi. Hapo sina neno. Kinachonikera ni bei ya kasha ambalo linakuja bila diski hata moja. Modeli ya bei ya chini, DS223j, ina RAM ya GB 1, kwa sinema za kubadilishwa papo hapo haitoshi. Agosti 2024, toleo la 7.2.2 la DSM, mfumo wake wa uendeshaji, liliiondoa Video Station, programu ya sinema ambayo watu walinunulia kifaa hicho. Mwaka 2025 modeli mpya za Plus zikaja na vizuizi dhidi ya diski za kampuni nyingine, watu wakalalamika dunia nzima, vizuizi vikalegezwa mwaka huohuo kwa DSM 7.3. Kwa picha na nyaraka za familia, nunua. Kwa sinema, fedha hiyo inakupa HP na diski zake.

Raspberry Pi 5 inawaka yenyewe ikipata umeme, na kwa muziki peke yake, ukiweka programu ya seva ya muziki iitwayo Navidrome, inakutosha. Kwa video haina sehemu ya kubadilisha H.264, aina ya video iliyozoeleka zaidi. Inataka pia chaja ya ampea 5. Ukiweka ya simu inabana umeme wa USB na diski ya nje inaanza kupotea. Visanduku vyenye prosesa ya Intel N100 visivyo na jina vina nguvu ya kutosha kwa wati chache, lakini BIOS zao kila kimoja na lugha yake, na waranti ya kweli huipati. TV box yenye flash pembeni siiweki kwenye orodha.

Diski

Swali la umeme linafika hadi huku. Diski kubwa za inchi 3.5 zenye adapta yake hukaa ndani ya kasha, na baadhi ya makasha yana kitufe ambacho lazima kibonyezwe kila umeme unaporudi. Seva itawaka, diski italala, na maktaba itaonekana tupu. Chukua kasha lenye swichi ya kubaki upande mmoja, au diski ndogo inayokula umeme wa USB. Na usiiache kwenye exFAT, mfumo wa kupanga faili iliokuja nao. exFAT haitunzi kumbukumbu ya maandishi yaliyokatika katikati, kwa hiyo umeme ukikatika wakati unahamisha faili, faili hizo zinaweza kuharibika. Kama seva yako inatumia Linux badala ya Windows, tumia ext4.

DVD moja ya kawaida ni GB 4.7, hivyo TB 1 inabeba zaidi ya 200 bila kuzibana. CD ikihifadhiwa kwa FLAC, muundo usiopunguza ubora wa sauti, ni MB 300 hadi 400. Wengi hawahitaji zaidi ya TB 4. Zile SSD za mkononi za TB 16 zinazotangazwa mitandaoni kwa bei ya kutupa ni za uongo: ndani mna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyodanganywa iseme ni kubwa. Ipime diski yoyote mpya kwa programu ya H2testw au F3 kabla ya kuipa video za harusi.

Programu ya kupeleka sinema na nyimbo kutoka kwenye seva hadi televisheni ni Jellyfin, ya bure. Plex nayo ni nzuri, lakini kubadilisha video kwa nguvu ya prosesa kunahitaji Plex Pass, usajili wake wa kulipia, na Aprili 2025 ile ya maisha ilipanda kutoka dola 119.99 hadi 249.99.

Bei za mashine sijaziandika kwa sababu wauzaji wenyewe hawaziandiki. Unaona picha ya EliteDesk Instagram, chini yake "bei DM". Ukiingia DM unaulizwa uko wapi. Ukifika Kariakoo bei ni nyingine, chaja inauzwa peke yake, na SSD ya GB 512 uliyoiona pichani imekuwa 256. Wapo wauzaji wanaoandika bei, kizazi cha prosesa na ukubwa wa diski hadharani, na wanakuachia uchomoe waya na kuchomeka tena bila kununa. Hao ndio wa kupewa fedha, hata wakizidi elfu ishirini. Risiti iandikwe modeli kamili na namba ya prosesa. "Kompyuta ndogo HP" peke yake haitakusaidia siku ya kurudisha.