TV ya kununua Moshi kama wewe ni mtu wa kurekodi

Muuzaji atakugongea boksi na kukuambia, "Hii 4K, bosi." Soma boksi lenyewe. Juzi nimeshika la TV ya inchi 32, limeandikwa 4K kwa herufi za bango, na pembeni, kwa maandishi ya sisimizi, 1366 x 768. Maana yake inapokea picha ya 4K kisha inaibana kwenye kioo cha HD. Wewe unalipia kioo.

Namba moja kwangu ni Full HD, 1920 x 1080, inchi 40 au 43. King'amuzi cha HD kikitoa 1080 kwa waya wa HDMI, picha inakaa kwenye kioo nukta kwa nukta. Ukitumia zile waya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, umerudi enzi za TV ya chogo hata kama kioo ni cha milioni.

Ya pili ni 4K, 3840 x 2160, ila kuanzia inchi 50. Nukta zake ni mara nne kamili ya Full HD, kwa hiyo mechi ya 1080 inatanuliwa tu, haiongezewi kitu. Naipandisha iwe ya kwanza kwa mtu mmoja: mwenye video za harusi na kipaimara zilizopigwa kwa 4K. Nyingine ni za H.265, namna mpya ya kubana video, na TV nyingi za zamani za Full HD haziifungui.

HD ya inchi 32 ni ya chumbani. Basi.

Ya mwisho kabisa ni ile shangazi aliyotuma kutoka Marekani. Nyingine ni za volti 120 na kwetu ni 230, utasikia harufu kabla hujaona picha. Hata ikipona, antena yake haisomi DVB-T2, mfumo wa matangazo ya dijitali ya antena wa hapa, itaishi kwa king'amuzi tu.

Sasa kurekodi kwenyewe. Nilirekodi mechi kwenye flashi nikaipeleka Kiboriloni kwa baba mdogo, watu wamekaa, chai imeshamiminwa, TV ikaandika faili halifunguki. Kosa halikuwa la TV. Rekodi za ving'amuzi vingi hufungwa kwa ufunguo wa king'amuzi kilekile, na TV nyingi zinazorekodi zenyewe hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo usimwamini anayekuuzia TV "ya kurekodi" kana kwamba utagawia majirani.

Hesabu nafasi pia: picha ya megabiti 8 kwa sekunde inakula GB 3.6 kwa saa. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, haibebi faili moja linalofika GB 4, na mashine isiyojua kuligawa faili itakukatia mechi kipindi cha pili kikianza.

Ukienda dukani beba flashi yako yenye video ya kipaimara, ichomeke kabla hujatoa hela, halafu angalia kama majina kwenye keki yanasomeka.