Kozi ya simuleta ya meli: nendeni, ila ulizeni kwanza utashika usukani mara ngapi

Nimemaliza juzi kozi ya siku tano ya kuzuia meli zisigongane, tunafanyia kwenye simuleta, yaani mtambo unaoigiza uendeshaji wa meli, chuo sikitaji, ila mabaharia wenzangu mnaofikiria kwenda nataka mjue mnaenda kukutana na nini.

Zoezi lililonishika ni la usiku. Meli inatokea kushoto kwangu inakatiza mbele, kwa kanuni za kimataifa za 1972 za kuzuia meli kugongana yeye ndo wa kunipisha, mimi natakiwa nishike mwendo na mwelekeo wangu. Napima kwa dira yuko upande gani, namba haibadiliki, umbali unapungua, yaani hapo ni kugongana hakuna mjadala. Nikafanya nini? Nikakamata redio. Naita naita, akajibu mtu kumbe ni meli nyingine kabisa, tukaanza kuulizana wewe ni yupi na muda unaenda tu. Nakuja kuamuru usukani kulia mpaka mwisho tumeshachelewa, omo, yaani mbele ya meli, ikapita salama lakini tezi, nyuma yake, ikatupwa kushoto ikambamiza.

Mwalimu akarudisha rekodi. Sekunde 94 niko na redio mkononi! Honi sijapiga, ile milio mitano mifupi ya kumwambia mwenzako sielewi unachofanya, nahodha sijamwita, na jamaa wa lukauti, yule anayekaa kuangalia nje, aliripoti taa ya kijani mara mbili, mara ya pili nikamjibu "nimeona" bila hata kugeuza shingo. Ile sauti yangu kwenye rekodi bado naisikia.

Huyo mwalimu ndo sababu ya mimi kuwaambia nendeni. Hakutusomea vitabu, alituchorea ajali ya meli mbili za abiria, Andrea Doria na Stockholm, 1956, wote wanaonana kwenye rada, mmoja akakata kushoto mwingine kulia, watu 51 wakafa. Halafu ile manowari ya Marekani, John S. McCain, 2017, walihamisha sehemu ya udhibiti kwenda meza nyingine ya kuendeshea, mshika usukani akadhani usukani umekufa, wakagongana na meli nyingine, mabaharia 10 wakapoteza maisha. Baada ya hapo alitufanya tukabidhiane usukani meza kwa meza, anayepokea anasema kwa sauti "ninao", tukarudia mpaka ikaingia mwilini.

Kilichoniuma ni mpangilio. Tulikuwa watu wanane, kila mmoja akaamrisha meli mara mbili tu kwa siku zote tano, muda mwingine umekaa unaangalia mwenzako. Mambo ya kengele, milango ya kuzuia maji, kuhesabu watu, yaani zile sekunde za mwisho unapojua kabisa mnagongana, tulioneshwa slaidi nusu saa basi. Na watu wa injini hawakuwepo kabisa, wakati ukiomba mashine irudi nyuma wao ndo wanakupa au hawakupi. Hiyo sio sawa kwa kozi inayojiita ya dharura, kabla hujajiandikisha uliza hayo.

Siku ya mwisho nikaomba nirudie lile zoezi langu, mwalimu akakubali kubaki jioni, Mungu ambariki. Lukauti akasema taa ya kijani kushoto, nikageuka nikaiangalia, nikapima, nikamwita nahodha, honi mara tano, jamaa hajibadilishi, nikakata kulia tukiwa bado maili mbili. Redio sikuigusa. Akapita mbali kabisa.