Begi la laki sita na begi la mitumba: miezi mitano Amerika Kusini

Tangu turudi nimeulizwa habari za mabegi kuliko hata habari za Machu Picchu, na wala sishangai, maana begi ndilo lililoamua kila siku yangu ya safari ingekuwaje. Naandika hapa kwa urefu ili anayetaka kununua asome kwanza.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi. Mume wangu anaongoza wageni Mlima Kilimanjaro. Alianza kama mgumu, akibeba mizigo njia ya Marangu tangu ana miaka 19. Pesa ya safari tuliidunduliza miaka saba. Septemba 2023 tukaruka hadi Bogotá, na kutoka hapo tukashuka kwa mabasi na kwa miguu, Colombia, Ecuador, Peru, Bolivia, Chile, hadi hifadhi ya Torres del Paine kule karibu na ncha ya bara, Februari 2024. Mabegi yalikuwa mawili tu. La kwanza jipya, la bluu, lita 65, la kampuni moja ya nje ambayo sitaitaja. Mume wangu aliniagizia kwa siri kama zawadi, na mpaka linatua mkononi, nauli na ushuru ndani yake, lilikuwa limekula shilingi 620,000. La pili la kijani, lita 60, la kwake mwenyewe, alilinunua mitumba pale soko la Memorial kwa 85,000.

Nilikuwepo siku anachagua lile la kijani. Kwanza aliligeuza nje ndani, akapitisha kiganja kwenye kitambaa. Begi lililozeeka vibaya utando wake wa ndani wa kuzuia maji huwa unanata kama peremende iliyolowa, na ukisikia kunata, rudisha, hata kama kwa nje linang'aa. Kisha akaangalia mshono pale mkanda wa begani unapoanzia, akauvuta kwa mikono miwili huku goti lake likiwa limelikandamiza begi. Uzi ulikuwa mnene, umepitishwa mara tatu. Akazitoa zile fito mbili za aluminiamu za mgongoni, akazitazama kama zimepinda kufuata mgongo wa mtu au zimepinda kwa kuangukiwa na kitu. Mwisho akafunga na kufungua zipu zote, moja moja, mpaka muuzaji akachoka. Ndani, kwenye kitambulisho, kulikuwa na jina la mtu wa Ulaya limefifia. Mume wangu alisema, "Huyu alilipenda begi lake." Akalipa bila kuomba punguzo la mwisho.

Sasa niseme ukweli kuhusu la bluu. Kwa macho ni zuri. Ni jepesi kuliko la kijani, lina mifuko midogo kwenye mkanda wa kiunoni ambayo nilizoea mno kuwekea pipi na chenji, na linafunguka kwa mbele kama sanduku, kwa hiyo hutoi nguo zote kutafuta soksi. Hayo nayasifu kwa moyo wote.

Lakini halikuwa la mgongo wangu. Wiki tano nzima, kuanzia Bogotá mpaka tunaingia Ecuador, nilikuwa naamka mabega yanawaka. Kilo 13 si nyingi kwa mtu aliyekua akiteka maji. Nilikaa kimya kwa sababu lilikuwa zawadi, na nilijua alivyolitafuta. Mzunguko wa Quilotoa ndio uliotusemesha. Ni siku tatu za kutembea na mzigo wako kijiji hadi kijiji, Sigchos, Isinliví, Chugchilán, unashuka korongo na kulipanda tena, halafu siku ya mwisho unapandisha mpaka ukingo wa volkano yenye ziwa la kijani tumboni mwake, karibu mita 3,900. Katikati ya mpando ule niliketi kwenye vumbi nikaanza kulia.

Mume wangu alilishusha begi, akanigeuza, akaniangalia mgongo kama anavyowaangalia wageni getini. Akaniambia niinamishe kichwa, akashika mfupa wa shingo unaojitokeza, kisha akaweka vidole gumba juu ya mifupa ya nyonga. Ule umbali wa kutoka mfupa wa shingo hadi usawa wa nyonga ndio kipimo cha begi, si urefu wa mtu mzima. Wangu ni sentimita 42. Begi la bluu limeshonwa kwa mgongo mrefu zaidi na halirekebishiki, kwa hiyo mkanda wa kiunoni ulikuwa unanikalia makalioni, na kilo zote 13 zikawa zinaning'inia mabegani. La kijani, pamoja na uzee wake, lina mgongo unaopandishwa na kushushwa kwa mkanda wa kunata. Alilirekebisha palepale. Lilipokaa juu ya nyonga nikahisi kama mtu ameninyanyulia mzigo kwa chini.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

"Ningekuambiaje, baba, na ni zawadi?"

Hakujibu. Alihamisha nguo zangu zote kwenye begi lake na zake kwenye la bluu, akalivaa, na hatukubadilishana tena mpaka tunarudi uwanja wa ndege wa KIA. Yeye ana mgongo mrefu, lilimkaa vizuri kuliko lilivyonikaa mimi.

Mambo mengine ya begi la bluu yalianzia Peru. Tulikuwa njia ya Salkantay, siku ya pili, asubuhi pale Soraypampa, baridi ya kung'ata, na mbele yetu kuna mlima wa kuvuka kwenye urefu wa zaidi ya mita 4,600. Mume wangu akafunga mkanda wa kiunoni. Ile klipu ya plastiki badala ya kulia "tak" ikakatika jino moja, likarukia kwenye nyasi. Begi la miezi miwili na nusu! Nilichana kanga yangu kuukuu ya rangi ya machungwa, nikakata kipande cha upana wa vidole vinne, akakifunga fundo la mgumu, lile wanalofungia mizigo mlimani, linalokaza kadiri unavyovuta. Fundo hilo lilivuka mlima, likashuka mpaka msituni kwenye kahawa na mapapai, likafika Aguas Calientes, mji mdogo ulio chini ya Machu Picchu. Machu Picchu kwenyewe hairuhusiwi kuingia na begi linalozidi sentimita 40 kwa 35 kwa 20, kwa hiyo siku hiyo yote mawili yalilala nyumba ya wageni, na mimi nilipanda na chupa ya maji na kipande kilichobaki cha kanga kichwani.

Cusco, karibu na soko la San Pedro, fundi viatu mmoja mzee alitushonea kifungo cha chuma badala ya klipu. Alichukua dakika kama 20 na soli chache, yaani pesa ya Peru. Kifungo hicho bado kipo na hakijatikisika. Kampuni niliiandikia kutoka hukohuko. Walijibu baada ya wiki tatu kwamba nilirudishe kiwandani kwa gharama yangu, likiwa safi, na risiti halisi. Mtu yuko Bolivia na nguo zake zote zimo ndani ya begi hilo! Hapo ndipo nilipowatoa moyoni.

Kabla sijasahau, nisimulie mji wa Ollantaytambo, hukohuko Peru. Njia maarufu ya Inka, ya kwenda Machu Picchu kwa miguu, hatukuiweza, maana lazima uende na kampuni yenye kibali na bei yake iko juu. Lakini tuliwakuta wapagazi wake wakipanga mizigo kando ya barabara, na mume wangu hakuweza kupita. Kwa Kihispania cha kubabaisha na vidole, wakaelewana. Sheria ya wapagazi ya Peru ya mwaka 2001 iliweka kikomo cha kilo 20 kwa mtu, na Kilimanjaro kikomo ni kilo 20 vilevile, na kote kuna mizani. Kijana mmoja alimwonyesha sugu alizonazo begani. Mume wangu akafungua shati akamwonyesha za kwake. Walishikana mikono muda mrefu, na wote wawili walilishika begi la kijani, wakaukagua mshono, wakaafikiana kwa kichwa.

Bolivia nilijiona nyumbani kwa sababu ya aguayo. Ni kitambaa cha mraba kilichofumwa kwa mistari ya rangi kali, akina mama wanabebea watoto, viazi, maua, kila kitu, kimefungwa fundo kifuani. Nilimwonyesha mama mmoja sokoni La Paz jinsi tunavyobeba mtoto kwa kanga, akacheka, akanifunga aguayo lake na mzigo wa mahindi ndani, nikatembea nao hatua kumi. Mgongo haukuuma hata kidogo. Nilinunua moja, na usiku kwenye mabasi lilikuwa blanketi.

Chumvi ya Uyuni ndiyo iliyoimaliza zipu ya begi la bluu. Ule uwanja una zaidi ya kilomita za mraba 10,000 za chumvi tupu, na siku tatu mabegi yalikaa juu ya gari chini ya turubai, vumbi na chumvi vikijipenyeza. Zipu ikawa inafunga mbele huku inafumuka nyuma. Wengi hapa wanadhani meno yameisha na kulitupa begi. Mara nyingi ni kichwa cha zipu kilichopanuka, na dawa yake ni kukibana taratibu kwa koleo, upande huu kidogo na upande ule kidogo, kisha kupaka mshumaa. Dereva alikuwa na koleo. Zipu ikakubali, ila kesho yake mpakani kuingia Chile, ambako hukagua kila begi kutafuta matunda, asali na mimea, ikafumuka yote mezani mbele ya maofisa na nguo zetu za ndani zikamwagika. Kuanzia hapo tuliifunga kwa kamba ya viatu. Lile la kijani lilipita chumvi hiyohiyo. Zipu zake ni nene, za zamani, na niliziosha kwa maji ya vuguvugu tu tulipofika San Pedro de Atacama.

Torres del Paine tulitembea siku tano. Upepo wa kule hauna mfano wake kwetu, hata Kibo usiku. Siku ya kwanza, kati ya Paine Grande na barafu ya Grey, uliukwapua mfuniko wa mvua wa begi la bluu ukaupeleka tusikokuona. Mabegi yote mawili yalilowa nje. Ndani hatukulowa, kwa sababu mume wangu hupanga vitu ndani ya mfuko mzito wa plastiki na kuusokota mdomo kabla ya kufunga begi, ndivyo wanavyofanya wagumu mvua za Aprili. Fanya hivyo na usilipie mfuniko.

Kwa hiyo begi la bluu nalipa nyota mbili, zote za mifuko ya kiunoni na ule mfunguko wa mbele. La kijani nalipa tano, na kasoro yake ni uzito, linazidi la bluu kwa karibu kilo nzima likiwa tupu. Ukitaka jipya, vaa kwanza, na kilo 10 ndani, tembea nalo nusu saa dukani au uani kwa mtu. La kuagiza kwa picha mimi siwezi kumshauri mtu.

La kijani limepanda Machame mara nne tangu turudi. La bluu, na kifungo chake cha chuma na zipu mpya aliyoibandika fundi wa Majengo kwa 15,000, ameliomba mdogo wangu wa kiume anayekwenda Kigoma kikazi. Nilimpima mgongo kwa futikamba ya cherehani kabla sijamkabidhi. Ana sentimita 49. Litamkaa.