Viunganishi vya redio ya gari: kipi ununue kwanza, kipi ukiepuke

Wengi wanaponunua redio ya gari huangalia ukubwa wa kioo na nguvu ya sauti, ilhali kitakachoamua kama redio hiyo itawafaa hata baada ya kubadilisha simu ni viunganishi vyake. Kwa hiyo hapa ninapanga viunganishi, si chapa.

Nafasi ya kwanza naipa redio yenye tundu la kawaida la USB pamoja na Bluetooth. Waya ukikatika, mwingine unapatikana katika duka lolote la vifaa vya simu, na anayehamia simu ya USB-C hubadilisha waya tu bila kuigusa redio. Hata Apple ilihamia USB-C kwa iPhone 15 mwaka 2023. Fahamu tu kwamba tundu la USB 2.0 la kawaida hutoa ampea 0.5, kiasi kisichoitosha simu inayoonyesha ramani njia nzima.

Ya pili ni AUX ya milimita 3.5, yaani tundu la duara la waya wa sauti, kama lile la vipokea sauti vya masikioni. Haichaji simu, na simu nyingi mpya zinahitaji adapta, lakini imepita mikononi mwa watengenezaji wengi na bado inafanya kazi.

Ya tatu ni kifaa cha kurusha sauti kwa FM kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Kwa magari yaliyotumika kutoka Japani kina shida yake: redio nyingi za magari hayo zinaishia megahezi 90, kwa hiyo masafa yanayobaki kuchagua ni machache mno.

Ya mwisho, hata ikiuzwa nusu bei, ni redio inayotegemea soketi ya kampuni moja. Soketi ya Apple ya pini 30, iliyoanza mwaka 2003, iliachwa kwa ajili ya Lightning, soketi nyingine ya Apple iliyo ndogo zaidi, mwaka 2012, na waliokuwa na magari yenye soketi hiyo walibaki na waya usioingia katika simu yoyote mpya.

Nyuma ya redio ndiko ninakosisitiza zaidi, kwa sababu huko ndiko hasara kubwa hutokea. Kiwango cha kimataifa cha soketi za redio za gari, ISO 10487, kina soketi ya pini 8 kwa umeme na nyingine ya pini 8 kwa spika, lakini Toyota nyingi za Japani hutumia soketi zao, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6. Nunua waya wa kuunganisha aina hizo mbili, wala usimruhusu fundi kukata soketi asilia ya gari, kwani ikishakatwa kila redio itakayofuata itafungwa kwa kubahatisha rangi za nyaya. Kwa kawaida waya wa njano wa redio hubeba umeme wa kudumu na mwekundu ule unaokuja ufunguo ukizungushwa. Nyaya hizo mbili zikibadilishana, redio husahau stesheni zote kila gari linapozimwa. Basi mwombe fundi azime gari na kuliwasha tena mbele yako kabla hajafunga dashibodi.